Uso wa Kuazima: Ustaa na Swali la Kuwakilisha Kitakatifu

Swali la iwapo mtu mtakatifu aonyeshwe kwa sura limejadiliwa na wanazuoni wa dini kwa karne nyingi kama swali la picha, yaani kama jambo linalohusu halali na haramu ya kuchora, kuchonga na kutundika ukutani. Filamu na televisheni zimelibadili swali hilo pasipo wengi kutambua, kwa sababu katika sinema hakuna sura isiyokuwa ya mtu fulani. Mchoraji aweza kubuni uso usio wa yeyote. Mwongozaji wa filamu hana budi kuazima uso wa mtu aliye hai, mwenye jina na mikataba, mwenye filamu alizokwisha kucheza na nyingine atakazocheza kesho, na mwenye ndoa na madeni yanayoandikwa magazetini. Kwa hiyo anayeuliza kama Mtume, Yesu au Rama anaweza kuigizwa anauliza pia, apende asipende, ustaa ni nini na unafanya nini juu ya kile unachokigusa. Pingamizi la wanadini, ambalo wahakiki wengi wa filamu hulichukulia kuwa katazo tupu lisilo na fikra ndani yake, limebeba maarifa ambayo taaluma ya filamu ilikuja kuyafikia baadaye kwa njia nyingine, na maarifa hayo hayawahusu watakatifu peke yao.

Istilahi mbili zahitaji kuelezwa. Uwakilishi, katika taaluma ya filamu, ni tendo la kukifanya kitu kimoja kisimame badala ya kingine: mwanamke mmoja kwenye skrini husimama badala ya wanawake wa tabaka lake, askari mmoja badala ya jeshi, uso mmoja badala ya taifa. Ustaa ni hali ya mwigizaji kujulikana kiasi kwamba mtazamaji humtambua yeye kabla ya kumtambua mhusika anayemwigiza. Mtaalamu wa Uingereza Richard Dyer, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu nyota wa sinema, alionyesha kwamba nyota si mtu bali ni taswira iliyojengwa kwa vitu vingi kwa pamoja: filamu zenyewe, matangazo ya kampuni, habari za magazeti, na maoni ya wahakiki. Mtazamaji hakutani na mwigizaji mwenyewe hata siku moja. Hukutana na lundo hilo la maandishi na picha, na kila uhusika mpya huongezwa juu ya lundo bila kuondoa ule wa zamani. Hoja ya Dyer ni ya kisosholojia na haikuandikwa kwa ajili ya misikiti wala makanisa, lakini ikitiwa katika mjadala wa kidini hugeuka kuwa nzito kuliko alivyokusudia. Ikiwa uso wa nyota una kumbukumbu, basi aliyevishwa uso huo huvishwa pia kumbukumbu isiyo yake.

Waongozaji wa filamu za Kikristo waliliona hilo mapema, wakajaribu kulikabili kwa sheria za mkataba. Cecil B. DeMille, alipotengeneza filamu yake ya maisha ya Yesu mwaka 1927, alimfunga H. B. Warner, mwigizaji wa nafasi ya Yesu, na Dorothy Cumming, mwigizaji wa nafasi ya Mariamu, kwa masharti kwamba kwa miaka mitano wasikubali nafasi itakayovunja heshima ya wahusika hao. Warner alipelekwa mahali pa kupigia filamu akiwa amefunikwa uso, na akatengwa na wenzake hata wakati wa chakula. Watu wa leo wanaweza kuona kwamba hayo yalikuwa mbinu za kutangaza filamu, na kwa sehemu ni kweli. Hata hivyo masharti hayo yalikiri wazi kwamba uso uliokopeshwa kwa utakatifu waweza kuudhuru utakatifu huo kwa jambo utakalolifanya baadaye, mahali pengine, katika hadithi nyingine. Hilo ni jambo ambalo uso uliochorwa hauwezi kulifanya kamwe.

Filamu ya George Stevens ya mwaka 1965 juu ya maisha ya Yesu, iliyojulikana kwa Kiingereza kama The Greatest Story Ever Told, inaonyesha tatizo hilo kwa uwazi kuliko nyingine yoyote. Kwa nafasi ya Yesu, Stevens alimchagua Max von Sydow wa Sweden, ambaye watazamaji wa Marekani walikuwa hawajamzoea, na uchaguzi huo ulikuwa wa busara. Lakini nafasi ndogo alizijaza nyota wakubwa wa Hollywood. Sidney Poitier alikuwa Simoni wa Kirene anayebeba msalaba, na akida wa Kirumi anayekiri chini ya msalaba kwamba aliyekufa alikuwa Mwana wa Mungu aliigizwa na John Wayne, mtu ambaye kwa miongo mitatu alikuwa amejulikana kwa kupanda farasi na kufyatua bunduki katika filamu za magharibi ya Marekani. Katika saa ambayo hadithi nzima inaielekea, saa ya kifo na ungamo, mtazamaji husikia sauti ya John Wayne na kumkumbuka John Wayne. Kosa hapo si la mwigizaji, wala maneno ya Injili hayakubadilishwa. Kilichotokea ni kwamba ustaa ulizungumza kwa sauti kubwa kuliko Maandiko, na hakuna ufundi wa taa wala muziki ulioweza kuunyamazisha.

Pier Paolo Pasolini, Mtaliano asiyeamini Mungu na mfuasi wa fikra za Kimarx, alikuwa ameshapata jibu lililo bora mwaka mmoja kabla. Katika filamu yake ya Injili ya Mathayo ya mwaka 1964, alimweka katika nafasi ya Yesu Enrique Irazoqui, mwanafunzi kijana kutoka Hispania ambaye hakuwa mwigizaji, na nafasi ya Mariamu mzee akampa mama yake mzazi. Nyuso za wanafunzi na za umati ni za watu wa kawaida wa kusini mwa Italia, wakulima na vibarua, waliochomwa na jua, wenye meno yaliyong'oka. Kwa kuwa nyuso hizo hazikuja na kumbukumbu ya sinema nyingine, mtazamaji hana cha kushika ila neno linalosemwa. Yafaa kutafakari ni kwa nini asiyeamini ndiye aliyeihifadhi Injili dhidi ya ustaa, ilhali waamini wenye fedha nyingi walishindwa. Huenda ni kwa sababu hakuwa na haja ya kumfanya Yesu apendeze.

Franco Zeffirelli, katika tamthilia yake ya televisheni ya mwaka 1977, alikwenda njia nyingine kabisa. Robert Powell, Mwingereza mwenye macho ya buluu, aliongozwa asipepese macho ila kwa nadra sana, ili mtazamo wake uonekane usio wa kibinadamu. Matokeo yake ni kwamba picha za Powell akiwa katika nafasi hiyo zilitolewa kwenye tamthilia, zikachapwa, zikatundikwa katika nyumba na makanisa ya nchi nyingi kama picha za Yesu mwenyewe. Miaka miwili baadaye ikatoka filamu ya Yesu iliyofuata Injili ya Luka, ambayo Brian Deacon aliigiza nafasi kuu, na ambayo imetiwa sauti katika mamia ya lugha, Kiswahili kikiwemo, ikaonyeshwa viwanjani usiku kwa watu ambao wengine hawakuwa wamewahi kuona filamu yoyote. Kwa mtazamaji wa namna hiyo Deacon hakuwa nyota. Hakuwa na jina wala historia. Hapo hatari hugeuka upande wake wa pili: kumbukumbu ya nyota haimwingilii mtakatifu, bali mwigizaji hutoweka kabisa na uso wake ukachukuliwa kuwa uso wa Bwana. Mwafrika aliyeusali uso wa Mwingereza hakudanganywa na mtu, lakini amebaki na sura ya wokovu iliyo na rangi, taifa na macho ya mtu fulani, na hakuna aliyemwambia kwamba sura hiyo ni ya kuazima.

Katika ulimwengu wa Kiislamu mjadala ulianza kwa jina la nyota. Mwaka 1926 Youssef Wahbi, mwigizaji mashuhuri wa jukwaa nchini Misri, alitangazwa kuwa angecheza nafasi ya Mtume Muhammad (S.A.W.) katika filamu iliyokuwa ikiandaliwa kwa mtaji wa nje. Wanazuoni wa Al-Azhar walipinga, Mfalme Fuad akamtishia kumvua uraia, na Wahbi akajitoa. Ni rahisi kulisoma tukio hilo kama ushindi wa mamlaka juu ya sanaa. Lakini lilikuwa na swali la haki ndani yake: Wahbi alikuwa amejulikana kwa wapenzi na wabaya aliowaigiza jukwaani, na waumini walijua kwamba wakishamwona katika nafasi ile hawataweza kumfikiria Mtume bila Wahbi kuingia katikati.

Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo aliyefanya kazi Marekani, alijaribu nusu karne baadaye kupita katikati ya makatazo hayo kwa filamu iliyotolewa mwaka 1976 kwa matoleo mawili, la Kiarabu na la Kiingereza, kila moja likiwa na waigizaji wake. Mtume haonekani wala sauti yake haisikiki. Hata Ali haonekani. Kinachoonekana ni upanga wake wenye ncha mbili. Mahali pa Mtume pamekaliwa na kamera. Katika onyesho moja Hamza anarudi kutoka mawindoni akiwa juu ya farasi, anamkuta Abu Jahl akiwatesa waumini karibu na Kaaba, anampiga mbele ya watu wake na kumtaka ajibu kama anathubutu; kisha anageuka, anaikabili kamera moja kwa moja, na kumwambia mpwa wake kwamba jangwani usiku yeye hufahamu kuwa Mungu hafungiwi ndani ya nyumba. Wanaomsikiliza wakiwa wamesimama kando huitazama kamera kwa heshima, nayo kamera haijibu.

Onyesho hilo linastahili kuangaliwa kwa makini, kwani suluhisho la Akkad limezaa matatizo mawili ya kifikra ambayo wanaoisifu filamu hawayataji. La kwanza ni kwamba, Hamza anapozungumza na Mtume kupitia kamera, anazungumza na mtazamaji. Kila anayekaa mbele ya skrini, mwema kwa mwovu, huketishwa mahali pa Mtume na kutazamwa kama Mtume anavyotazamwa. Katazo la kumwonyesha limetimizwa, lakini nafasi yake imegawiwa kwa kila mwenye tiketi. La pili ni kwamba ustaa haukuondoka. Ulihamia kwa jirani. Hamza wa toleo la Kiingereza ni Anthony Quinn, mzaliwa wa Mexico ambaye alikuwa ameshapendwa duniani kama Zorba wa Kigiriki na kama shekhe wa Kibedui katika filamu ya Lawrence wa Uarabuni, na ambaye Akkad alimtumia tena mwaka 1981 kumwigiza Omar Mukhtar, shujaa wa Libya. Kwa mamilioni ya Waislamu, wakiwemo wa pwani ya Afrika Mashariki ambao filamu hiyo huwafikia kila Ramadhani, Hamza bin Abdul-Muttalib ana uso wa Quinn, na Omar Mukhtar ana uso huohuo. Ami yake Mtume na mwalimu wa Kurani aliyenyongwa na Waitalia mwaka 1931 wamefanywa mtu mmoja na sinema. Tamthilia ya Omar iliyoonyeshwa Ramadhani ya mwaka 2012 ilipomtoa Khalifa wa pili hadharani kwa uso wa mwigizaji asiyejulikana sana, ubishi uliozuka ulikuwa mkali, ingawa kwa kigezo cha ustaa ilikuwa na tahadhari kubwa kuliko filamu ya Akkad.

Waswahili wana mapokeo yao ya kuwaleta watakatifu hadharani bila kuazima uso wa mtu, nayo yanastahili kuingia katika mjadala huu kwa haki yake. Katika Maulidi ya Barzanji, yanayosomwa kuanzia Lamu na Unguja hadi miji ya bara, sura na tabia za Mtume huelezwa kwa maneno kwa kirefu, namna ya kutembea kwake na kutabasamu kwake, na msomaji anapofika mahali pa kuzaliwa kwake waliohudhuria wote husimama kwa kiamu, kana kwamba aliyetajwa ameingia. Uwakilishi upo, tena wa nguvu, kwani miili ya watu huinuka. Lakini hakuna uso unaobaki na deni baada ya kisomo kwisha. Vivyo hivyo Bwana Mwengo wa Athumani, katika Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728, aliwaingiza vitani Mtume na maswahaba wake beti kwa beti, Ali akipigana kwa ushujaa, na hakuna msikilizaji aliyehitaji kumjua mghani ili amwone Ali. Neno humpa kila msikilizaji kazi ya kujenga sura, na sura hiyo hufa pamoja naye. Kamera huimaliza kazi hiyo kwa niaba ya wote, na hiyo ndiyo tofauti ambayo wanazuoni waliihisi hata waliposhindwa kuieleza kwa lugha ya sanaa.

Kuna pingamizi zito dhidi ya hoja hii, nalo linatoka India. Katika dini ya Kihindu, kuitazama sura ya mungu na kutazamwa nayo, tendo liitwalo darshan, ni ibada yenyewe, wala sura haichukuliwi kuwa kizuizi. D. G. Phalke alipotoa filamu yake juu ya Rama na kuunguzwa kwa Lanka mwaka 1917, watazamaji walivua viatu Rama alipotokea, ingawa mwigizaji wake, Anna Salunke, mwanamume, ndiye aliyemwigiza pia Sita. Tamthilia ya Ramayan ya Ramanand Sagar, iliyorushwa Jumapili asubuhi kuanzia Januari 1987 hadi Julai 1988, ilitazamwa na watu waliooga kwanza, wakaivisha televisheni mashada ya maua. Kwa waumini hao uso wa Arun Govil, aliyemwigiza Rama, ulikuwa chombo. Utakatifu ulipita ndani yake bila kuchafuliwa, na Govil alipokutana na watu njiani waliinama kugusa miguu yake. Mtu wa dini ya Kiislamu au ya Kikristo hana haki ya kusema kwamba ibada hiyo ni ujinga, kwa kuwa ina falsafa yake iliyokomaa juu ya mungu kukubali kukaa katika umbo.

Hata hivyo historia ya huko inaonyesha kwamba kile kilichopita ndani ya uso hakikuondoka chote. N. T. Rama Rao, aliyemwigiza Krishna mara nyingi katika filamu za Kitelugu, aliunda chama cha siasa mwaka 1982 na mapema mwaka 1983 akawa waziri kiongozi wa jimbo la Andhra Pradesh. Deepika Chikhalia, Sita wa tamthilia, alichaguliwa mbunge mwaka 1991, na pamoja naye Arvind Trivedi aliyekuwa Ravana, adui wa Rama. Govil mwenyewe alichaguliwa mbunge wa Meerut mwaka 2024, miaka zaidi ya thelathini na mitano baada ya kuvua taji. Uso ulioazimwa na mungu ulirudishwa kwa mwenyewe ukiwa na faida juu yake, nayo faida ikatumiwa kuombea kura. Hapo swali la kidini limegeuka kuwa swali la madaraka, na wala halikuhitaji mtu yeyote kukufuru ili ligeuke.

Ikiwa hayo ni kweli kwa Rama na Hamza, hayawezi kukoma kuwa kweli kwa watu wa kawaida, na hapa ndipo mafunzo ya pingamizi la kidini yanapovuka mipaka ya dini. Mwaka 1935 Paul Robeson, Mmarekani mweusi mwenye sauti iliyotikisa kumbi za Ulaya, alicheza katika filamu ya Kiingereza iitwayo Sanders of the River akitumaini kwamba itauonyesha utamaduni wa Kiafrika kwa heshima. Miongoni mwa Waafrika waliojaza onyesho nyuma yake alikuwamo Jomo Kenyatta, wakati huo akiishi London. Filamu ilipokamilika ilikuwa sifa kwa utawala wa kikoloni, na Robeson akajitenga nayo kwa uchungu. Nyota alikuwa amekopesha uso, na waliokopa wakauwakilisha ukoloni kwa uso huo. Mtu atakayekuwa rais wa kwanza wa Kenya aliwekwa hapo awe sehemu ya umati usio na jina.

Mfano wa karibu zaidi ni filamu ya The Last King of Scotland ya mwaka 2006, iliyopigwa nchini Uganda, ambayo Forest Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili yake na akapata tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Idi Amin. Uigizaji wake ni wa hali ya juu, na ndiyo sababu una madhara. Amin wa filamu anacheka na kulia, anavutia hata anapotisha, na hadithi imeegemezwa kwa daktari wa Kiskoti ambaye hakuwahi kuwapo, kiasi kwamba mateso ya Waganda huonekana kama mandhari ya dhamiri ya mgeni. Waliouawa kati ya mwaka 1971 na 1979 hawana nyota wa kuwasimamia. Vijana wengi waliozaliwa baada ya vita vya Kagera wakitajiwa Amin humkumbuka Whitaker, na uso uliopewa tuzo umekaa mbele ya makaburi. Haki inayodaiwa kwa ajili ya mitume, kwamba uso wao usitwaliwe na mtu mwingine, ingefaa kudaiwa kwanza kwa ajili ya hao, kwa kuwa mitume wana umati wa kuwatetea.

Swali hili litabisha hodi Tanzania siku si nyingi. Julius Kambarage Nyerere ametambuliwa na Kanisa Katoliki kuwa Mtumishi wa Mungu, hatua ya mwanzo katika mchakato wa kumtangaza mtakatifu uliofunguliwa na Jimbo la Musoma, na haielekei kwamba maisha yake yatakosa kutengenezewa filamu kubwa. Watakaoitengeneza wana picha zake na hotuba zake zilizorekodiwa kwa wingi, jambo ambalo hakuna aliyemwigiza Yesu wala Hamza aliyekuwa nalo. Wanaombwa wasimtafutie nyota. Wamchague mtu ambaye watazamaji hawana kumbukumbu naye, waiache sauti ya Mwalimu mwenyewe isikike pale inapopatikana, na wawape majina na nyuso wakulima waliohamishiwa vijiji vya ujamaa, walioridhika na walioumia, ili kijana wa Butiama atakayeitazama filamu hiyo aweze kumtofautisha mwigizaji na aliyeigizwa.